Farasi Huyo ni wa Nani?

Kuna maswali ambayo vyuo huyazunguka miaka mingi bila kupata maneno ya kuyauliza, kisha mtu asiyepata kukaa darasani huyauliza kwa pumzi moja. Swali la insha hii nililisikia Busisi, mahali ambapo barabara itokayo Geita na Sengerema ilikuwa ikikatika majini, na msafiri akingoja kivuko cha kumvusha Ghuba ya Mwanza mpaka Kigongo. Ulikuwa mwaka 2019, kabla ya daraja. Upepo ulikuwa mkali, kivuko kilikuwa ng'ambo, na sisi tuliokuwa tukingoja tulikaa kivulini tukila samaki wa kukaanga na kuongea mambo ya watu wasiojuana, ambayo aghalabu huwa ya kweli kuliko mambo ya watu wanaojuana.

Karibu nami alikaa mzee mmoja wa Kisukuma pamoja na mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka minne na mwili wa mtoto wa miaka miwili. Upande wa pili alikaa binti mmoja, tabibu wa wanyama, aliyesomea Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine, akapata baadaye kukaa mwaka mmoja katika hospitali ya farasi huko Ulaya. Mzee alipoijua kazi yake alimwuliza kwanza habari za kupe na ndigana, kama ilivyo haki ya mfugaji. Kisha akamwomba amsimulie ajabu moja aliyoiona ughaibuni.

Kisa cha binti yule kilikuwa cha mtoto wa farasi wa miezi mitatu. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akakimbia malishoni kama wenziwe. Alipoanza kula nafaka alidumaa, akafanya mambo yasiyoeleweka. Baada ya kula alipepesuka kama mlevi, akazunguka duara moja bila kusudi, akasukuma ukuta kwa paji la uso, na mara nyingine akapita mbele ya mama yake asimwone. Macho yake yalikuwa hayana dosari. Ugonjwa ulikuwa katika njia ya damu. Damu itokayo matumboni huchukua riziki ya chakula pamoja na taka zake, na kwa desturi ya maumbile hupita kwanza katika ini, ambalo ni kama forodha ya mwili: hapo amonia na sumu nyingine huzuiwa, na kilicho safi huruhusiwa kuendelea na safari. Lakini kwa nadra sana mnyama huzaliwa na mshipa wa ziada upitao kando ya ini. Damu ikapita njia ya magendo, amonia ikafika katika ubongo, na mnyama akaleweshwa na chakula chake mwenyewe.

Mshipa wa namna hiyo haupapasiki kwa mkono. Ili kuuona, matabibu walimpa mtoto wa farasi nusukaputi, wakamlaza juu ya meza, wakamtia mshipani dawa yenye iodini, ambayo huzuia miali ya eksirei kama mfupa uizuiavyo, kisha wakampitisha katika pete ya mashine ya sitiskani. Mashine hiyo huuzungusha mwali kuuzunguka mwili na kuukata mwili kwa picha, vipande vyembamba vyembamba kama mkate, ingawa hakuna kisu kinachogusa kitu. Hesabu ya kompyuta huviunga vipande hivyo tena, na mti mzima wa mishipa, shina na matawi, husimama juu ya kioo ukageuzwa huku na huku. Binti alisema neno moja lililonikaa moyoni. Alisema kuwa jambo hilo huwezekana kwa sababu ya udogo. Farasi aliyekomaa huweza kuingizwa kichwa au mguu katika pete ile, lakini kiwiliwili chake kwa kawaida hakipiti. Mtoto wa farasi hupita. Kwa hiyo uko muda mfupi wa umri ambao mnyama huyu huweza kuonwa ndani yote, na muda huo ukishapita mlango hufungwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mjukuu wangu, farasi huyo ni wa nani?"

"Wa tajiri mmoja, babu. Hufuga farasi wa mashindano."

"Akapona?"

"Hakupona. Iko njia ya kumpasua na kuufunga mshipa ule, na baadhi yao hupona. Lakini gharama ilizidi bei ya farasi, tena hapakuwa na hakika. Mwenyewe alipiga hesabu, akaamua alazwe usingizi asiamke."

"Basi walimtazama kwa nini?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Tulidhani tumesikia kejeli ya maskini juu ya tajiri. Na kejeli hiyo, kama ingekuwa ndiyo, ingekuwa na hoja yake. Farasi katika nchi zetu ni mgeni. Nagana iletwayo na mbung'o na maradhi ya farasi yaletwayo na usubi vilimzuia asienee bara kama ng'ombe na punda walivyoenea. Sultani wa Unguja alikuwa naye kwa fahari yake; Nairobi anaye kwa mbio zake katika uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954; lakini Usukumani mtoto humjua farasi katika picha kabla ya kumwona kwa macho, na wengi huishia katika picha. Mtu wa Busisi akiambiwa kuwa mnyama wa anasa amepimwa mishipa yake kwa mashine ambayo yeye mwenyewe hajapata kuiona, ana ruhusa ya kuuliza kama dunia imepangwa sawasawa.

Jawabu jepesi ni kwamba kumtoa mtoto wa farasi katika pete ya Ulaya hakumwingizi mtoto wa mtu katika pete ya Mwanza. Ni jawabu la kweli, nami sipendi kulikaa sana kwa sababu ni jepesi mno. Mikono ya matabibu ina idadi, na fedha iliyokwenda huku haikwenda kule. Lakini liko jawabu jingine, zito zaidi, ambalo hatulifikiri kwa kuwa tumesahau historia ya elimu tunayoitumia. Jawabu hilo ni deni.

Mwaka 1733 kasisi mmoja wa Kiingereza, Stephen Hales, alitoa kitabu ambamo alieleza alivyomfunga farasi jike chini, akamfungua mshipa mkubwa wa paja, akatia humo bomba la shaba na juu yake bomba refu la kioo, kisha akatazama damu inavyopanda. Ilipanda futi 8 na inchi 3, ikawa inapwita juu na chini kwa kila pigo la moyo. Farasi yule alikuwa na umri wa miaka kama 14, ana jeraha la mabegani lisilopona, na angechinjwa kwa kuwa hafai tena kazi. Hales akamtoa damu kidogo kidogo, akipima kila mara, mpaka akafa. Hivyo ndivyo wanadamu walivyopata kupima nguvu ya damu kwa mara ya kwanza. Kila mama mjamzito anayefungwa kitambaa mkononi katika zahanati ya Sengerema leo, akaambiwa presha yake ni kadha wa kadha, anapokea urithi wa farasi yule jike.

Wala deni halikuishia hapo. Mwaka 1861 Wafaransa Chauveau na Marey walipitisha mirija katika mshipa wa shingo wa farasi mpaka ndani ya moyo wake ulio hai, wakaandika mapigo na nguvu za vyumba vyake. Njia hiyo ya kuufikia moyo kwa mshipa, ambayo Werner Forssmann aliithubutu katika mwili wake mwenyewe mwaka 1929, ndiyo ambayo leo hutumiwa kuponya mioyo ya watoto pasipo kupasua kifua. Na aumwaye na nyoka shambani akibahatika kufika hospitali yenye dawa, aghalabu dawa hiyo imetoka katika damu ya farasi aliyechomwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ukajifunza kuishinda. Mkulima ambaye hajapata kumwona farasi huenda anaye farasi katika damu yake. Baada ya kujua hayo, siwezi tena kusema kuwa jicho la tabibu likimtazama mtoto wa farasi limepotea njia. Kwa karne tatu tumemtazama farasi kwa faida yetu. Kumtazama mara moja kwa faida yake si anasa.

Lakini je, ilikuwa kwa faida yake? Hapa ndipo swali la pili la mzee linapoanza kuuma, nalo tulilicheka zaidi kuliko la kwanza.

Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, aligawa mambo mafungu mawili: yale yenye bei, ambayo huweza kubadilishwa na kingine cha thamani iyo hiyo, na kile kilicho juu ya bei yote, ambacho alikiita heshima. Binadamu alimweka katika fungu la heshima. Mnyama akamwacha katika fungu la bei. Wanafunzi hupenda mgawanyo huo kwa sababu ni safi, na mimi niliupenda. Lakini tazama unavyokuwa ukishushwa gatini. Mtoto wa farasi alionwa kwa sababu alikuwa na bei. Bei ilimpeleka katika mashine. Na kitu kisicho na bei, ambacho kwa mujibu wa kitabu kingepaswa kutangulia, hukaa nyuma, kwa kuwa sokoni kisichouzika hufanana mno na kisichofaa. Tena bei ile ile iliyompeleka farasi katika mashine ndiyo iliyomtoa ikampeleka katika kifo. Picha ilipoonyesha mshipa, tajiri hakusoma ugonjwa, alisoma hasara. Kwa hiyo farasi hakulindwa na bei yake. Alikopeshwa uhai mpaka hesabu itakapofungwa.

Kama mambo yangeishia hapo, insha hii ingekuwa lawama juu ya matajiri, na lawama za namna hiyo zipo nyingi, tena zina wasomaji wake. Lakini mzee hakuwa akimlaumu tajiri. Kicheko kilipokwisha, alitoa katika mkoba wake bahasha kubwa ya kahawia, iliyochakaa pembeni kwa kushikwashikwa, akampa binti. Ndani yake mlikuwa na picha za moyo wa mjukuu wake, zilizopigwa Mwanza kwa mawimbi ya sauti, na barua ya kumpeleka Dar es Salaam.

Kabla ya kuzaliwa mtoto havuti hewa, mapafu yake hayana kazi. Kwa sababu hiyo iko njia fupi kati ya mshipa uendao mapafuni na mshipa mkuu utokao moyoni. Akishazaliwa na kulia, njia hiyo hujifunga yenyewe katika siku chache. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa mtu, na ndivyo ilivyo kwa mtoto wa farasi. Katika jambo hili maumbile hayakufanya tofauti. Kwa mjukuu wa mzee haikujifunga. Damu iliyokwisha kupata hewa ikarudi tena mapafuni, moyo ukafanya kazi ya mioyo miwili, na chakula ambacho kingemkuza mtoto kikateketea katika kazi hiyo. Dawa yake inajulikana tangu mwaka 1938, Robert Gross alipoufunga kwa uzi mshipa kama huo katika kifua cha msichana wa miaka saba huko Boston. Siku hizi aghalabu huzibwa kwa kifaa kidogo kipitishwacho katika mshipa wa paja, na kazi hiyo hufanywa hapa nchini katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini ugonjwa huu nao una muda wake. Ukiachwa miaka mingi, mapafu huharibika kwa msukumo wa damu, na hapo kuuziba mshipa hakufai tena. Kwa mtoto huyu pia kuna mlango ambao hufungwa.

"Bibi yake ndiye aliyeanza kusikia," mzee alisema. "Aliweka kiganja kifuani pake akasema, humu mna nyuki ndani ya kibuyu. Sisi tulimwambia anazeeka."

Binti alisoma picha, akasema kuwa bibi alisikia sawa. Mtetemo ule wa damu huweza kusikika mkononi ikiwa njia ni pana.

"Tulikwenda Mwanza, wakatuonyesha. Nikauona moyo wake ukicheza. Wakasema mshipa huu ufungwe, tena upesi. Nikarudi nyumbani, nikahesabu. Wajukuu wangu ni sita. Maksai ni wawili, na ndio wanaolima shamba la wote sita. Nikiuza, mmoja atatibiwa, watano watalala njaa. Je, ni haki? Nilikaa misimu miwili nahesabu." Akanyamaza kidogo. "Nyinyi mnamcheka yule tajiri. Mimi simcheki. Namjua."

Hakuna aliyecheka tena, na kwa sehemu iliyobaki ya kungoja sikuwa na neno la kusema. Nimelifikiri jambo lile miaka kadhaa sasa.

Katika Kiswahili swali "ni wa nani?" lina nyuso mbili. Tukiona baiskeli imeegemezwa ukutani tukauliza ni ya nani, twatafuta mwenye haki ya kuichukua. Tukimkuta mtoto analia sokoni tukauliza ni wa nani, hatutafuti mwenye haki ya kumchukua tu. Twatafuta mtu atakayejibu kwa ajili yake. Lugha imetumia neno moja kwa milki na kwa dhamana, nami siamini kuwa ni kwa umaskini wa maneno. Tajiri alilisikia swali kwa uso wa kwanza: farasi ni wangu, kwa hiyo naweza kumhesabu. Mzee alilisikia kwa uso wa pili, na ndiyo sababu alihesabu misimu miwili kwa aibu, akijua kuwa kila siku ya hesabu ni siku ambayo mtoto hana mtu wa kujibu kwa ajili yake.

Lakini kabla hajaonyeshwa picha hakuwa na aibu hiyo. Hapo ndipo naona uzito wa mashine hizi, farasi akiwa ndani yake au mtoto. Wapo wasemao kuwa ni afadhali kutojua kuliko kujua usichoweza kutibu, na nimewasikia wazazi wenye akili wakisema hivyo. Ugonjwa usioonekana ni wa Mungu. Ukishaonekana ni wa mtu. Bibi alipousikia mtetemo kwa kiganja, nyumba nzima iliweza kusema kuwa bibi anazeeka. Picha haimruhusu mtu kusema hivyo. Picha huchagua mtu katika ukoo, huchagua tabibu, huchagua hata serikali, ikasema: sasa umejua. Nadhani kwa sababu hiyo mzee alitaka kujua kwa nini walimtazama farasi. Alikuwa akiuliza kama inawezekana mtu akaona kisha akabaki huru kama asiyeona. Binti hakumjibu. Mimi sasa ningejibu kuwa haiwezekani, na kwamba tajiri yule hakuwa huru. Alichofanya ni kulipa ili asione zaidi.

Sitaki kulipeleka neno hili mbali kuliko linavyostahili. Simaanishi kuwa kila aonaye lazima atibu. Mzee hakuwa na wajibu wa kuwaua njaa watano kwa ajili ya mmoja, na mtu atakayemwambia kwa sauti ya mimbari kuwa uhai hauna bei, naye hajachangia hata debe la mtama, afadhali anyamaze. Hesabu ya mzee haikuwa ubaya. Ubaya ulikuwa kwamba aliachwa aifanye peke yake. Röntgen, aliyegundua miali ya eksirei mwaka 1895, alikataa kuichukulia hataza, akaiachia dunia. Allan Cormack, mmoja wa wawili waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa ajili ya sitiskani, alianza kuifikiri hesabu yake katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Jicho hili ni kazi ya wengi, baadhi yao wa bara letu, na kwanza kabisa lilinunuliwa kwa damu ya wanyama wasioulizwa. Ikiwa kuona kumefanywa mali ya wote, sielewi kwa nini kinachofuata baada ya kuona kiachwe kuwa mzigo wa mwenye maksai wawili. Hapo swali "ni wa nani?" halimhusu mzee tena. Linatuhusu sisi tuliokuwa tumekaa naye kivulini, na wale ambao hawakuwapo.

Tangu Juni 19, 2025 Busisi na Kigongo zimeunganishwa kwa daraja la kilomita 3 lililopewa jina la John Pombe Magufuli, na njia ambayo siku ile ilitugharimu nusu ya mchana sasa ni ya dakika chache. Nimepita juu yake. Maji huonekana kidogo sana kutoka huko, na mahali tulipokaa sikuweza kupatambua.

Siku ile kivuko kilipofika, mzee aliirudisha bahasha mkobani, binti akambeba mtoto kwa kuwa mteremko wa gati ulimchosha. Kwa njia nzima ya maji mzee hakusema tena habari ya moyo. Alitueleza habari za maksai wake aliowauza mnadani juma lile. Mmoja alikuwa mwekundu, alifungwa upande wa kushoto wa nira, na akifika mwisho wa shamba alijua kugeuka mwenyewe bila kuambiwa.